Kitanda cha Nyumba ya Mfano

Asubuhi ya uzinduzi Bi Ghorofa aliamka kabla ya jogoo, akasingizia chai ya jana. Chai ya watu ilikuwa na kosa gani? Hofu ndiyo iliyokuwa ikimtafuna, na mwenyewe alijua, ila mtu hawezi kujiambia ukweli wote kabla hajanawa uso.

Jina hilo alipewa na majirani kwa kumkebehi. Alianza kwa kujenga vibanda vya maduka, akapanda hadi nyumba za vyumba vitatu, kisha siku moja akasimama kwenye kiwanja kitupu kando ya barabara, akanyoosha mkono juu na kusema hapa litasimama jengo la ghorofa kumi. "Haya, Bi Ghorofa," wakamwambia, "ukifika huko juu utupungie mkono!" Akacheka nao. Jina likaganda, naye akaganda kwenye ndoto yake.

Sasa sikiliza biashara hii inavyokwenda, maana ina vituko vyake. Nyumba zinauzwa zikiwa bado hewani. Mtu anaonyeshwa picha, anaonyeshwa ramani, anasaini na kutoa malipo ya kwanza kwa ajili ya sebule ambamo leo anapita kunguru tu. Benki nayo imekaa pembeni inatazama. Ikiona wanunuzi wametosha, inafungua mkopo wa ujenzi, ndipo saruji inamwagwa. Wasipotosha, benki inafunga mkoba wake na kila mtu anarudi kwao. Kwa hiyo mjenzi hutangulia kujenga nyumba moja ya mfano palepale kiwanjani, ya mbao na jasi, akaipamba kama bibi harusi, ili watu waingie, wanuse rangi, watamani.

Benki ya Bi Ghorofa ilitaka wanunuzi thelathini. Alikuwa nao ishirini na wawili. Muda ulikuwa umeshaongezwa mara moja na haungeongezwa tena. Mwisho ulikuwa Jumamosi hii ya uzinduzi, na afisa wa benki mwenyewe angekaa chini ya hema hadi jioni ashuhudie kwa macho yake.

Usidhani aliogopa kukosa faida. Laiti ingekuwa faida! Kiwanja kile alikinunua kwa mkopo mwingine, mdogo, wa benki hiyohiyo, na dhamana ya mkopo huo ilikuwa nyumba anayoishi mama yake. Mama hakuwa na habari. Baba alipofariki, mashemeji walianza kuizunguka nyumba ile kama nzi kwenye kidonda, mama akachoka, akaiandikisha kwa jina la binti yake wa pekee. "Wakija wakukute wewe mwenye meno," alisema. Na huyo mwenye meno akaichukua hati akaipeleka benki. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: mkopo mkubwa ukifunguka utaufuta ule mdogo, hati itarudi kabatini, mama hatajua kama iliwahi kutoka. Usipofunguka, nyumba inakwenda mnadani, na mzee wa watu na cherehani yake wanatolewa nje.

Walibaki wanane tu. Na wanane walikuwa njiani, maana chama cha akiba cha wauguzi kilikuwa kimetuma neno kwamba kinakuja kuona, na kikiridhika kitachukua nyumba nane kwa mpigo.

"Bosi, leo ni leo," alisema meneja wake wa mauzo, bwana mmoja aliyeitwa Sukari kwa sababu ya ulimi wake. "Asemaye kesho mwongo."

"Wasikae kitandani, Sukari. Nakuomba."

"Kamba nimeshafunga. Atakayeuliza nitamwambia tunatunza shuka."

Kitanda hicho, basi. Vyumba vya jengo lile vilikuwa vidogo, tuseme ukweli. Ukiweka kitanda cha kawaida cha tano kwa sita, mlango unakigonga na kabati linabaki nje likiomba hodi. Sukari ndiye aliyeleta dawa. "Chumba hakikui, bosi," alisema, "lakini kitanda kinaweza kupungua." Fundi akachonga kitanda cha futi nne kwa tano, miguu mifupi, kichwa chembamba. Akachonga na kabati lisilo na kina, ambalo ukitundika koti mlango haufungiki. Milango ya vyumba haikuwekwa kabisa, ukutani kikawekwa kioo kirefu, na chumba kikaonekana ukumbi. Bi Ghorofa alitaka kukataa. Kisha akaikumbuka ile hati iliyolala benki, akanyamaza. Alijiambia kuwa hakuna aliyesema uongo: wao wameweka kitanda tu, na mtu ananunua chumba, hanunui kitanda. Utaona jinsi mtu anavyoweza kujibembeleza mwenyewe hadi akalala.

Shuka za dukani zilikizidi kitanda kile, zikajikunja pembeni kama nguo ya kuazima. Ndipo akaenda kwa mama yake, fundi cherehani, mwanamke mfupi ambaye akikaa kwenye kiti miguu haigusi sakafu. "Nishonee shuka na foronya, mama. Ni za vitanda vya watoto." Mama alivaa miwani, akakata kitambaa, hakuuliza. Kwenye kila foronya akatarizi jani dogo la kijani. Jani hilo lilikuwa sahihi yake, analitia kwenye kila kazi inayotoka mkononi mwake.

Na huyo mama, mtaa mzima ulimjua kwa jambo moja: haibi kitambaa. Ukimpelekea mita tatu atakurudishia nguo na vipande vyote vilivyobaki, hata kile cha kufutia mashine. Mafundi wenzake walimcheka. Yeye akawajibu kwamba njaa ya kipande ni afadhali kuliko shibe ya aibu, na akaendelea kukanyaga mashine yake.

Siku ya uzinduzi Bi Ghorofa alimkataza kuja. "Jua kali, mama, na watu ni wengi. Nitakuleta siku nyingine, tutembee taratibu." Mama aliitikia vizuri sana, na hapo ndipo angepaswa kushtuka, maana mama yake hakuwa mtu wa kuitikia vizuri.

Basi hema likajaa. Muziki ukapigwa, soda zikafunguliwa. Afisa wa benki alikaa kwenye kiti cha pembeni, mkoba mapajani, soda yake ikipata moto bila kuguswa. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulitisha kuliko ukali. Walikuja wenye kutazama tu, wakala biskuti wakaenda zao. Kufika saa nane hakuna hata mmoja aliyesaini, na Bi Ghorofa alikuwa akitabasamu hadi mashavu yanamuuma.

Wauguzi wakafika kwa pamoja, wanawake kwa wanaume, wamevaa sare zao zilizopigwa pasi. Mbele yao alikuwa mwenyekiti wa chama, mwanamke mrefu, mabega mapana, sauti ya mtu aliyezoea kutuliza wodi nzima kwa neno moja.

"Tumekuja kuona," alisema. "Wenzangu wanasema kununua nyumba ambayo haijajengwa ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nikawaambia twendeni basi, tukaliguse hilo gunia."

Wakacheka. Bi Ghorofa naye akacheka.

Sukari akawatembeza. Sebule wakaisifu. Jikoni wakafungua bomba ambalo halikuwa na maji, wakalisifu hivyo hivyo. Wakaingia chumba cha kulala, wakasimama kuizunguka ile kamba, na mwenyekiti akasogea mbele. Aliinamisha kichwa upande, akakitazama kitanda kama anavyomtazama mgonjwa anayesema haumwi.

"Milango iko wapi?"

"Iko kwa fundi, mama, inapigwa rangi," Sukari akajibu bila kumeza mate.

"Na kitanda hiki ni cha ngapi kwa ngapi?"

"Cha kawaida tu, mama. Unajua chumba kikiwa kikubwa kitanda kinaonekana kidogo."

"Mwanangu, mimi nimetandika vitanda tangu hujazaliwa. Hiki kina kitu."

Bi Ghorofa, aliyekuwa nyuma yao, alipenya mbele. Alifungua mdomo aseme lolote, chochote, na kabla hajasema ikasikika sauti kutoka mlangoni.

"Hodi humu! Mnafichana nini?"

Alikuwa mama yake, na gauni la sikukuu, na mwavuli, na mkoba wake wa ngozi kwapani. "Umenikataza jua, nimekuja na mwavuli," alimwambia binti yake. "Sasa utanikataza nini tena?"

Wauguzi walipiga kelele za furaha. "Mama Cherehani!" Kumbe sare zao zote ni yeye aliyezishona, miaka nenda miaka rudi, na kila mmoja alikuwa na lile jani la kijani ndani ya kola yake. Mwenyekiti aliinama akamkumbatia, na kule kuinama kulikuwa safari.

"Huyu ni binti yako? Mbona hukutuambia!" Kisha jicho lake likaangukia foronya. Akaliona jani. Uso ukamkunjuka. "Ala! Na huu mkono ninaujua. Shuka hizi umeshona wewe?"

"Zangu hizo," mama alisema kwa fahari, akasogea kuzitazama.

Akazitazama. Bi Ghorofa alimwona mama yake akizitambua shuka za watoto, kisha akikitambua kitanda. Aliona macho yale yakienda ukutani kwenye kioo, yakaenda mlangoni pasipo na mlango, halafu yakamrudia yeye. Hayakuwa na hasira, yalikuwa yakiuliza tu.

"Basi tumalize ubishi," mwenyekiti alisema. "Tepu unayo, Mama Cherehani?"

"Nimeiacha nyumbani," mama akajibu.

Ncha ya tepu ya njano ilikuwa ikichungulia kwenye mdomo wa mkoba wake. Bi Ghorofa aliiona. Mama aliusukuma mkoba nyuma ya kwapa.

"Si kitu. Aliyeshona ndiye anayejua. Ulikata kwa kipimo gani?"

Mama alilamba midomo.

"Tano kwa sita," alisema. "Kama vitanda vyote."

"Umesikia, kijana?" mwenyekiti alimgeukia Sukari. "Ungemwita huyu mapema tusingepoteza muda. Jamani, Mama Cherehani akisema tano kwa sita ni tano kwa sita. Twendeni mezani."

Wakatoka kwa vicheko. Sukari alimkonyeza bosi wake. Afisa wa benki, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, aliinua soda yake akanywa. Mikataba minane ikapangwa juu ya meza, kalamu zikatolewa, na muziki ukapunguzwa kwa heshima.

Bi Ghorofa alisimama nyuma ya meza. Angepaswa kuruka kwa furaha. Nyumba imepona, hati inarudi kabatini, mama atalala kwake mpaka mwisho wa maisha yake. Hicho ndicho alichokuwa akikiomba usiku na mchana, na sasa kimekuja, mbona kilikuwa kimemkaa kooni kama mwiba wa samaki?

Akamtafuta mama yake kwa macho. Alikuwa amekaa kiti cha mwisho kabisa, miguu inaning'inia, ameikalia mikono yake. Ndiyo, ameikalia, kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu. Mwanamke aliyekuwa akirudisha hata kipande cha kufutia mashine.

Mwenyekiti alipachika miwani puani, akashika kalamu, akatafuta mahali pa kusaini.

"Ngoja," alisema Bi Ghorofa.

Sukari alimkanyaga mguu chini ya meza. Akauchomoa mguu wake.

"Ngoja, mwenyekiti. Kile kitanda si tano kwa sita. Ni nne kwa tano. Nimekichongesha. Na kabati pia. Milango haiko kwa fundi, haikuwekwa, kwa sababu ukiweka kitanda cha kweli mlango haufunguki wote. Chumba ni kidogo kuliko kinavyoonekana."

Kalamu ya mwenyekiti ilibaki hewani.

"Na mama yangu hakujua," aliongeza haraka. "Nilimwambia mimi kwamba ni tano kwa sita. Yeye amesema alichoambiwa."

"Nilijua," mama alisema kutoka kule nyuma. Alishuka kwenye kiti. "Nilikata kitambaa kwa mkono wangu. Usiniongezee uongo juu ya uongo, mmoja unanitosha."

Mwenyekiti aliiweka kalamu mezani polepole. Hakupiga kelele, na heri angepiga. "Njia ya mwongo fupi," alisema, "na leo nimeona hata kitanda chake ni kifupi." Hakuna aliyecheka. Akamgeukia Mama Cherehani. "Wewe. Angekuwa mtu mwingine yeyote, nisingeumia." Akachukua mkoba wake, na wenzake wakainuka nyuma yake mmoja mmoja, wakatoka hemani bila kuaga. Muuguzi mmoja kijana, akipita, alikuwa ameshika kola yake.

Sukari alivua beji yake, akaitupa mezani. "Bosi, umemwaga unga na gunia lenyewe umelichana," alisema, akaondoka. Huyo naye tusimlaumu sana, alikuwa na familia.

Afisa wa benki alisubiri mpaka hema likawa tupu. Alikuja akasimama mbele ya Bi Ghorofa, mkoba umefungwa.

"Pole, dada. Ungekuwa uamuzi wangu..." Akaacha. "Jumatatu watu wetu watakupigia kuhusu ile dhamana. Jitahidi kuanza kuhamisha vitu mapema, isije ikawa fedheha mbele ya majirani."

"Dhamana gani?" mama aliuliza. Alikuwa amefika pembeni yao bila kusikika, na hiyo ndiyo faida ya ufupi. "Vitu gani vihamishwe?"

Afisa alitazama viatu vyake, akaaga, akaenda.

Wakabaki wawili na viti vitupu.

"Nyumba, mama. Niliiweka benki ili nipate kiwanja hiki. Leo ilikuwa mwisho. Wangesaini wale, ingerudi."

"Nyumba ipi?"

"Yako."

"Aliyojenga baba yako?"

"Ndiyo."

"Ile ninayolala mimi?"

"Ndiyo, mama."

Mama alikunja mwavuli, akaukunjua, akaukunja tena. "Nimewakimbia mashemeji na meno yao, kumbe meno ninayo nyumbani! Ungeniuliza. Ungeniuliza tu, wewe mtoto. Ningekukatalia, ungenuna, tungekula, yangekwisha." Alifuta pua kwa kiganja. "Mtu hujikuna anapofikia. Wewe ulikwenda kujikuna mgongo wa benki."

"Nisamehe, mama."

"Subiri. Bado nina hasira." Aliegemeza mwavuli kwenye kiti. "Pale mezani uliposema 'ngoja', ulijua ni nyumba yangu unayoitoa?"

"Nilijua."

"Na ukasema."

"Ulikuwa umeikalia mikono yako, mama. Nikashindwa."

Mama aliitazama mikono yake, huku na huku, kana kwamba mtu amemrudishia kitu alichokuwa amekisahau mahali. Aligeuka akatembea hadi kwenye nyumba ya mfano, akaingia, na binti akamfuata kwa sababu hakujua pengine pa kwenda.

Chumbani mama aliiruka ile kamba, yaani aliivuka kwa taabu, akavua viatu na kuvipanga. Akapanda kitandani. Akajinyoosha chali, kichwa juu ya lile jani la kijani, mikono kifuani. Alikuwa ameenea. Kuanzia utosi hadi kisigino ameenea kabisa, na nafasi ya vidole ikabaki.

"Hakina ubaya," aliiambia dari. "Mimi kinanitosha."

Bi Ghorofa ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, amejishikiza kwenye fremu ya mlango ambao haupo. Mama alimwacha alie mpaka akachoka, kisha akajisogeza ukutani.

"Njoo tukijaribu wote. Ndicho tulichonacho."

Akaja, akalala ubavu, amejikunja. Hata hivyo miguu yake ilitoka nje ya kitanda, ikabaki inaning'inia hewani, na shuka ikaishia juu ya vifundo. Mama aliivuta mara moja, ikagoma. Akaivuta mara ya pili. Kisha akainuka kwa kiwiko, akauvuta mkoba wake wa ngozi, akatoa ile tepu ya njano, akapima kutoka ncha ya shuka hadi kwenye vidole vya binti yake.

"Nitakuongezea kipande," alisema.